Mbuyu Hautabiri Mvua

Fundi aliyekuja kunisafishia kiwanja upande wa Nzuguni, hapa Dodoma, alikuwa na panga na haraka. Ilikuwa Septemba, jua limeshakolea, vumbi linasimama na kutembea peke yake. "Huu nao umekufa, bosi," akasema, akigonga mti wa kimo cha mtu na nusu ambao haukuwa na jani hata moja, magome yake yakibanduka kama karatasi iliyoungua. Nikamwambia ateremshe. Panga la kwanza halikuingia sawasawa, likachuna ganda tu, na chini ya ganda kulikuwa na kijani. Kijani kibichi, chenye maji, kama ganda la embe changa.

Tukatazamana. Miwili tuliyokuwa tumeikata asubuhi hiyo hatukuwa tumeichuna kuangalia.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ule ni mti wa jamii ya manemane, jamii iliyotapakaa katika nyika za kati kuanzia Mpwapwa hadi Singida. Mvua zikikatika, miti hii hupukutisha majani mapema ili isipoteze maji, kisha huendelea kujitengenezea chakula kidogo kidogo kwa ukijani ulio chini ya ganda. Kwa hiyo mti tulioutangaza marehemu ulikuwa kazini, tena kwenye zamu ngumu kuliko zote za mwaka.

Nimeanza na kosa langu kwa sababu naliona likifanywa mji mzima. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini wengi wetu tulihamia kweli baada ya 2016, na tulikuja na macho ya tulikotoka. Mtu wa Bukoba, wa Moshi au wa Dar es Salaam akifika hapa mwezi wa nane anaona miti mitupu na ardhi nyekundu, na siku hiyo hiyo anapiga simu nyumbani kusema ameletwa jangwani. Neno hilo limezoeleka hata kwenye hotuba. Ila jangwa, kwa kipimo kinachotumika sana, ni mahali panapopata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Dodoma hupata kati ya 500 na 600, yaani mara mbili ya hapo. Tatizo la Dodoma ni kwamba mvua hiyo yote hushuka kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, halafu bomba linafungwa kwa miezi saba. Anayeishi hapa, awe mtu, mti au panya, hujipanga kuizunguka miezi hiyo saba.

Hata lugha yetu inatupotosha kidogo. Watoto shuleni wanakaririshwa vuli na masika, majira ya watu wa pwani na kaskazini, ambako mvua huja mara mbili. Hapa hakuna vuli. Kuna kifuku, yaani msimu wa mvua, na kiangazi, basi, na katikati ya kiangazi kipupwe cha Juni na Julai ambacho humfanya mgeni anunue koti mnadani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulijua hilo, ndiyo maana utabiri wake kwa Dodoma na Singida hutolewa kwa jina la mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Sisi wengine bado tunasema "masika" mwezi wa tatu na kujiona tumeeleweka.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe, ambayo najua itawaudhi wazee wangu wa Mvumi na Chamwino. Mbuyu hautabiri mvua.

Nimesikia mara nyingi, na mwanzoni nilikuwa naamini, kwamba mibuyu ikianza kuchipua na kutoa maua, mkulima aanze kunoa jembe. Na kweli, ukihesabu kwa miaka mingi, maua ya mbuyu na mvua hufuatana kwa karibu. Mbuyu wa Dodoma hukaa mtupu karibu kiangazi chote, matunda yakining'inia kama mizigo iliyosahaulika, kisha kati ya Oktoba na Desemba vichipukizi hutokeza na maua meupe makubwa huning'inia kwenye vikonyo virefu. Ua hufunguka jioni, usiku hutembelewa na popo walao matunda, na kesho yake linanyauka na kuanguka. Ukitaka kuliona vizuri, enda na tochi saa mbili usiku. Harufu yake si ya kupendeza, inakaribia uchachu, lakini popo hawakuja kwa ajili yetu.

Swali ni hili: mbuyu unapata wapi maji ya kuchipua wakati ardhi bado ni kikaango? Jibu limo shinani mwake. Utafiti uliofanywa kwa mibuyu ya Madagaska na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mti huchota maji uliyoyahifadhi katika shina ili kutoa majani kabla ya mvua. Lakini, na hapa ndipo penye utamu, majani hayo yakishatoka hayafungui vitundu vyake vya kupumulia kama kawaida mpaka mvua inyeshe kweli. Mti unafungua duka, unapanga bidhaa, unawasha taa, ila hauanzi kuuza. Unasubiri wateja.

Kwa hiyo mbuyu hauna habari za mvua ya mwaka huu. Unasoma saa nyingine kabisa. Miti mingi ya nchi za joto husoma joto linalopanda na siku zinazorefuka. Tuko nyuzi sita kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya siku yetu ndefu ya Desemba na ile fupi ya Juni ni takriban dakika 40 tu. Binadamu hatuzioni dakika hizo. Miti inaziona. Kalenda ya jua haidanganyi, na kwa kuwa kwa wastani mvua hufika Novemba au Desemba, mti unaojiandaa mapema hupata faida ya kuwa na majani tayari siku ya kwanza. Hilo ni kamari inayolipa miaka mingi na kuumiza miaka michache. Mkulima anayepanda kwa kuangalia ua la mbuyu anaingia kwenye kamari hiyo hiyo, tofauti ikiwa mbuyu una akiba ya maji shinani na yeye ana debe moja la mbegu.

Kundi la mbuyu ni kubwa. Ukitoka Dodoma kwenda Iringa, ukavuka Mtera na kuanza kupanda Nyang'oro mwezi wa kumi, utaona miti ya miombo kwenye miteremko imetoa majani mekundu na ya rangi ya shaba, wakati hakuna hata wingu la kusingizia. Wekundu ule ni kama kivuli ambacho jani changa hujivika mbele ya jua kali kabla halijakomaa. Mninga nao hutoa maua yake ya manjano kabla ya mvua. Na kuna mti wa mjini ambao umepewa jina kwa tarehe yake, mkrismasi, ingawa asili yake ni Madagaska. Watu waliompa mti jina la sikukuu walikuwa wanatunza kumbukumbu za majira bila kujijua.

Upande wa pili wapo wanaosubiri maji yenyewe. Hawa hawana akiba, na hawachezi kamari. Majani ya ardhini, vyura waliojifukia matopeni, majongoo, na juu ya wote kumbikumbi. Kumbikumbi hawaruki kwa sababu ni Desemba. Wanaruka kwa sababu ardhi imelowa vya kutosha kwa dume na jike kuchimba chumba cha kuanzia ukoo, na vichuguu vingi huwaachia jioni moja ili walaji washibe na bado wabaki wengi. Katika mji huu wa bajeti nitasema hivi: ua la mbuyu ni makisio, kumbikumbi ni risiti.

Ndege nao wamegawanyika hivyo hivyo. Yuko korongo mmoja mweusi mwenye tumbo jeupe, jina lake la kitaalamu Ciconia abdimii, anayezaliana upande wa Sahel wakati wa mvua za huko, kisha mvua zikihamia kusini naye anahama nazo. Maisha yake yote ni kifuku. (Sisi tuna korongo lingine, lile la mchanga ambalo akina mama huchimba maji kiangazi, lugha imempa mfuata mvua na mto usio na maji jina moja, na sijapata mtu wa kunieleza sababu.) Kozi wadogo wa Amur, wanaozaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, hupita Afrika Mashariki kati ya Novemba na Desemba baada ya kuvuka Bahari ya Hindi, na karamu yao kubwa njiani ni hao hao kumbikumbi. Kozi aliondoka China kwa saa ya jua. Kumbikumbi hutoka kwa saa ya mvua. Mvua zikichelewa wiki tatu, mgeni amefika na meza haijaandaliwa.

Lakini ndege anayeonyesha jambo hili vizuri kuliko wote ni yule tunayemchukia. Kwelea kwelea hula mbegu za nyasi. Kiangazi chote anaokota mbegu zilizoanguka, na kwa kuwa ardhi ni kavu mbegu hazioti, zipo tu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mbegu zote zilizobaki huota ndani ya siku chache. Mkulima anafurahi, kwelea anaanza kufa njaa. Hapo makundi hujinenepesha haraka na kuondoka, yakivuka ukanda wa mvua kwenda kule ilikotangulia kunyesha, ambako nyasi zimeshatoa mbegu mpya. Kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua, kila nyasi zinapokomaa, na kuzaliana kwenye vichaka vya miiba. Wanapotufikia sisi na mtama na uwele wetu, vifaranga wameshakuwa ndege. Ndege mmoja hula gramu kumi hivi kwa siku, si kitu. Ni hesabu ya milioni inayomaliza shamba.

Nimeirefusha habari ya kwelea kwa makusudi. Kila mwaka tunashtuka: kwelea wamevamia, ndege ya kunyunyizia iko wapi, mbona imechelewa. Laiti tungekuwa na daftari la wapi mvua ilitangulia kunyesha na lini nyasi zilikomaa katika kila tarafa, safari ya kwelea isingekuwa mshtuko. Hafuati shetani. Anafuata ratiba ya nyasi, na nyasi tunaishi nazo.

Kuna mti mmoja unaovuruga mpangilio wangu wa saa mbili, ya jua na ya mvua. Wataalamu huuita Faidherbia albida, na wapo wanaouita mkababu. Huota kandokando ya mito ya mchanga, na hufanya kinyume: mvua zikianza unapukutika, kiangazi kikianza unavaa majani. Mizizi yake huenda chini sana, hivyo una maji wakati wengine hawana. Kwa mkulima ni zawadi, maana haumnyimi mtama jua wakati wa kilimo, na mwishoni mwa kiangazi maganda yake huanguka na kulisha ng'ombe na mbuzi. Kule Ruaha ni tembo wanaoyangojea. Mtu anayepita Januari na panga mkononi atasema nao umekufa.

Milimani mambo ni mengine, na nitapita haraka kwa sababu siendi huko mara nyingi inavyostahili. Pepo za kusini mashariki zikitoka baharini hugonga milima ya Rubeho na Ukaguru, huacha unyevu wao upande wa mashariki, na sisi wa huku tunapokea hewa iliyokamuliwa. Ndiyo maana msitu wa juu ya Rubeho unabaki wa kijani Agosti wakati Mpwapwa chini yake imekauka. Misitu ile bado ina siri, kwani kwale wa Rubeho alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 2003 tu. Majira ya huko huyaoni kwa majani kupukutika bali kwa baridi: katika milima hii ya mashariki, wapo ndege wa msituni ambao kipupwe kikikaza huteremka miteremko ya chini, na joto likirudi hupanda tena. Safari yao si ya mabara. Mtu mwenye nguvu anaweza kuitembea kwa siku moja.

Kondoa nako kunatoa onyo la aina yake. Vilima vile vilikuwa vimemomonyoka vibaya kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi. Ubishi kuhusu gharama waliyolipa wafugaji haujaisha, na sina nia ya kuumaliza hapa. Ila uoto ulirudi. Ninachotaka kusema ni kwamba uchi wa kiangazi na uchi wa mmomonyoko vinafanana sana kwa mpita njia. Kilima kilichovua majani kwa miezi saba na kilima kilichokufa vyote ni vyekundu mwezi wa tisa. Tofauti utaiona ukirudi mwezi wa pili, na safari nyingi za ukaguzi hufanyika wakati barabara zinapitika.

Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilizinduliwa 2017, na sina ugomvi nayo. Nina wasiwasi na tafsiri ya neno kijani. Tukimaanisha mti wenye majani Agosti, tutaendelea kung'oa ya kwetu na kupanda mwarobaini na mijohoro, miti mizuri lakini yenye asili ya Asia, na tutakuwa na mji wenye kivuli usio na ua la kumlisha popo wa Novemba. Mti wa hapa unaolala kiangazi hauhitaji boza la maji. Ndiyo sababu unalala.

Turudi kwa wazee. Nikisema mbuyu hautabiri, sisemi wazee hawajui. Wanajua vitu vingi ambavyo wamevifunga kamba moja. Wanataja maua ya mbuyu, upepo uliogeuka, ndege fulani aliyelia na nyota fulani iliyochomoza, na vyote huitwa dalili. Wenyeji wa pwani wana methali ya nyota: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kilimia, kundi hilo la nyota, ni saa safi, haijawahi kuchelewa hata usiku mmoja, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kujua kama mwaka huu mvua imekwama baharini. Upepo uliogeuka ni jambo jingine kabisa, hiyo ni hali ya hewa yenyewe ikisogea. Kazi ya mchambuzi, na naona hakuna anayeifanya, ni kuzifungua dalili hizi moja moja na kuuliza: hii inasoma jua, hii inasoma unyevu, hii inasoma mvua iliyokwisha kunyesha?

Ukishazitenganisha, kitu cha thamani ni pengo. Siku ngapi zilipita kati ya ua la kwanza la mbuyu na kumbikumbi wa kwanza? Pengo hilo ndilo ujumbe wa mwaka. Likiwa fupi, saa mbili zimekubaliana. Likirefuka mwaka hadi mwaka, saa moja imesogea, na itabidi tujue ni ipi. Kule Kyoto, Japani, wana kumbukumbu za kuchanua kwa micheri tangu karne ya 9, na ndiyo maana waliweza kusema kwa uhakika kwamba kilele cha maua cha mwaka 2021, tarehe 26 Machi, kilikuwa cha mapema kuliko vyote hadi wakati huo katika miaka zaidi ya 1,200. Sisi tukiulizwa mibuyu ya Dodoma ilichanua lini mwaka juzi, tutajibu "kama kawaida".

Ungesema shule zifanye kazi hii. Nilisema hivyo pia, mpaka nilipoangalia kalenda: shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba na kufunguliwa Januari. Mwezi wenye matukio yote, watoto wako likizo. Labda ndiyo nafasi, mtoto wa likizo aliye kwa bibi yake Bahi ana muda na macho kuliko mwalimu. Daftari la mazoezi linatosha, safu ya tarehe, safu ya mti au mdudu, safu ya mahali. Ila awe anarudi kwa mti ule ule, maana mibuyu miwili iliyosimama bega kwa bega inaweza kupishana kwa wiki na zaidi.

Nilimpelekea hoja hii mzee mmoja ninayemheshimu, nikampa mbukwa yake, salamu ya Kigogo, tukakaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mwaka uliopita mbuyu wa kwao ulichelewa kutoa maua, na mvua ikachelewa, kwa hiyo mti ulijua. Nikamwambia, mzee wangu, nakumbuka ulitoa mapema. Akasema ulichelewa. Hakuna aliyekuwa ameandika, tukaishia kunywa uji.

Mwaka huu nimechagua mibuyu mitatu, mmoja njiani kwenda kazini, mmoja karibu na kisima, na wa tatu ni wa mzee mwenyewe. Ule wa jamii ya manemane nimeuacha kwenye kona ya kiwanja, na kovu la panga limefunga ganda jipya la rangi ya shaba. Fundi amesema tukijenga uzio itabidi tuupindishe kidogo, na ameongeza bei.